Barabara mbili zinapokata njia ya kutulia ndege: uchambuzi wa kisa kimoja

Rubani na abiria wake mmoja wamo kwenye Cessna 172S, ndege ya injini moja na viti vinne. Mbele yao kuna kiwanja kidogo kisicho na mnara wa kuongozea ndege. Njia ya kutulia ni ya lami, inaelekea kaskazini, ina urefu wa mita 950 na upana wa mita 18. Barabara mbili zinaikata. Ya kwanza ni ya umma na malori yanaitumia; inapita mita 40 tu kutoka ncha ya kusini, yaani upande ambao ndege inaingilia. Ya pili ni ya changarawe, ya kwenda mashambani, nayo inapita kwenye mita ya 800. Hakuna geti, hakuna taa, hakuna mlinzi. Kilichopo ni vibao vya kumtaka dereva asimame na kuangalia ndege.

Upepo unatoka kaskazini magharibi, noti 8, na noti ni maili moja ya baharini kwa saa. Ndege imeshanyooka kuelekea njia, iko mita 60 juu ya ardhi. Kutoka mashariki lori linakuja kwenye barabara ya kwanza, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, wala halionyeshi dalili ya kupunguza. Rubani afanye nini?

Kisa hiki nimekijenga mwenyewe na vipimo vyake nimevichagua ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Viwanja vya namna hiyo vipo kweli, na baadhi ni maarufu. Kule Gibraltar, kwa miaka mingi barabara kuu ya kwenda mpaka wa Uhispania ilikata katikati ya njia ya ndege, na magari yalisimamishwa kwa vizuizi kila ndege ilipotua au kupaa, mpaka handaki la magari lilipofunguliwa Machi 2023. Sumburgh, kwenye visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti, barabara inapita kwenye ncha ya magharibi ya njia na hufungwa kwa kizuizi ndege inapokaribia. Gisborne, New Zealand, kinachokata njia ya ndege ni reli.

Viwanja hivyo vitatu vina kitu ambacho kiwanja chetu hakina: mtu mwenye mamlaka juu ya pande zote mbili. Mwongozaji wa ndege hampi rubani ruhusa ya kutua kabla hajajua kwamba kizuizi kimefungwa na njia ni tupu. Kwenye kiwanja chetu hakuna anayemwona rubani na dereva kwa wakati mmoja na kuweza kuongea na wote wawili. Rubani anatangaza kwenye redio kwamba anatua, na dereva hana redio. Kibao kinamwamuru dereva asimame, na rubani hana namna ya kujua kama amekisoma. Kwa hiyo uamuzi wote wa usalama unabaki kwa yule mmoja anayeweza kuahirisha anachofanya bila kumtegemea mwenzake, naye ni rubani.

Ajali ya aina hii inajulikana. Novemba 2012, kwenye kiwanja cha Northwest Regional karibu na Roanoke, Texas, mwanafunzi wa urubani aliyekuwa peke yake kwenye Cessna 172 alikuja chini mno kabla ya mwanzo wa njia, na ndege yake ikaligonga gari lililokuwa linakatiza mbele ya njia hiyo. Kibao cha kusimama kilikuwepo. Wote walitoka hai, na tukio lilinaswa kwenye video. Ukiitazama, kinachokukaa kichwani ni jinsi kila kitu kinavyoonekana cha kawaida hadi sekunde ya mwisho. Gari linatembea polepole. Ndege inashuka kama ndege yoyote ya mafunzo inavyoshuka. Hakuna anayefanya jambo la kichaa.

Watu wengi wakikisikia kisa changu husema tatizo ni lori. Mimi nasema lori ni nusu ya tatizo, tena nusu ndogo. Tatizo lenyewe ni kwamba barabara hizi mbili zinamvuta rubani kila moja upande wake. Ya kwanza inamtaka apite juu sana. Ya pili inamtaka atue mapema na asimame haraka. Rubani anayeiogopa ya pili atashuka chini ili awahi kugusa lami, na kwa kufanya hivyo anajisogeza kwenye paa la lori linalopita kwenye ya kwanza. Hofu hiyo haina msingi wa namba, na ukiweka namba mezani inaondoka.

Tuanze na lori. Kanuni za anga za Marekani zinapopima vizuizi karibu na viwanja vya ndege haziihesabu barabara kuwa ni lami tupu. Zinaihesabu kana kwamba gari liko juu yake muda wote. Barabara ya kawaida ya umma inaongezewa mita 4.6 za kwenda juu, barabara kuu ya kitaifa mita 5.2, reli mita 7. Barabara binafsi inaongezewa mita 3, au kimo cha gari refu kuliko yote yanayopita hapo kama linazidi mita hizo. Sijaona njia bora ya kuifikiria barabara inayokata njia ya ndege. Usiulize kama kuna gari. Weka ukuta wa mita 4.6 kichwani mwako, halafu panga kutua kwako kana kwamba ukuta huo hauondoki.

Kwa sababu ya ukuta huo, mwanzo halali wa kutulia, yaani kizingiti, hausalii kwenye ncha ya lami. Unasogezwa ndani. Kwenye kiwanja chetu mstari mweupe wa kizingiti umechorwa mita 150 kutoka ncha ya kusini, maana yake mita 110 baada ya barabara ya kwanza. Lami iliyo kabla yake ina mishale myeupe inayouelekea mstari: inaruhusiwa kuanzia kupaa, hairuhusiwi kutulia. Kutoka kizingiti hadi barabara ya pili zinabaki mita 650. Hizo mita 650 ndizo njia ya kutulia ya kisa hiki. Zile 950 za kwenye kitabu cha viwanja rubani azisahau kabisa.

Sasa kosa ambalo ni rahisi kulifanya. Rubani anaona mstari mweupe na anaulenga, kwa sababu macho ya binadamu hupenda kulenga mstari. Anashuka kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, ambao ni takriban mita 5.2 za kushuka kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Anapopita juu ya barabara ya kwanza amebakiza mita 110 kufika anapolenga, kwa hiyo macho yake yako mita 5.8 kutoka ardhini. Magurudumu ya ndege hii yananing'inia karibu mita 2 chini ya macho yake. Yako, basi, kwenye mita 3.8 hivi. Paa la lori liko kwenye 4.6.

Rubani huyo hakuzembea. Mteremko wake ni ule wa vitabuni, mwendo wake ni sahihi, amenyooka katikati ya njia, amelenga alama iliyochorwa kwa ajili ya kutulia. Na bado, siku lori likiwepo, magurudumu yanaingia kwenye paa.

Wakati huohuo kitabu cha ndege kinamwambia jambo lingine, kama atakisoma kwa makini. Kitabu cha Cessna 172S, kwa ndege iliyojaa uzito unaoruhusiwa, kwenye usawa wa bahari, hewa ya wastani, bila upepo na kwa lami kavu, kinasema ndege ikipita kwenye kimo cha mita 15 itahitaji mita 407 hadi isimame. Kati ya hizo, mita 175 ni za kukimbia ardhini kwa breki za nguvu, na zilizobaki, kama 232, ni za hewani. Mwendo unaotakiwa ni noti 61, flapu zote, yaani vibao vya nyuma ya mabawa, zimeshushwa.

Weka kimo hicho cha mita 15 juu ya kizingiti. Ndege itagusa lami mita 232 ndani na itasimama kwenye mita 407. Barabara ya pili bado iko mita 243 mbele. Rudi nyuma uone imepitaje juu ya barabara ya kwanza: kwa mteremko wa karibu nyuzi 4, ambao ndio kitabu kinauchukulia, ilikuwa kwenye mita 22 hivi. Ondoa kimo cha lori, zinabaki zaidi ya mita 17 za hewa tupu.

Ndege ileile, siku ileile, njia ileile. Aliyelenga mstari amelikuta paa la lori, na aliyelenga mita 200 ndani ya njia amepita juu kabisa na bado ana nafasi ya kumwaga mbele. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hesabu hii ifanywe mezani kabla ya safari, kwa kalamu na karatasi, kwa ndege utakayoirusha wewe. Rubani aliyekwisha kuona kwa namba kwamba nafasi inamtosha hatashawishika kushuka chini ili aibe mita chache kwenye barabara ya kwanza.

Namba za kitabu, hata hivyo, zilipatikana na rubani wa majaribio kwenye ndege mpya. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inawashauri marubani wa ndege ndogo wazidishe umbali wa kutulia kwa 1.43. Zidisha 407 kwa 1.43 upate 582. Bado iko ndani ya 650, ingawa sasa zimebaki mita 68 tu. Upepo wa kisa chetu unatoka mbele kidogo na kushoto. Sehemu yake ya mbele ni kama noti 6, na kitabu kinapunguza umbali kwa asilimia 10 kwa kila noti 9. Mimi singeuhesabu. Ukiwepo, ni akiba. Sehemu ya pembeni, nayo kama noti 6, haimsumbui rubani mwenye mazoezi kwenye ndege hii, isipokuwa itamlazimu afanye kazi kwa miguu mpaka mwisho.

Kinachokula akiba hiyo haraka kuliko chochote ni mwendo. Mfikirie rubani huyuhuyu akija na noti 70 badala ya 61, kwa sababu ameliona lori na mkono wake umesukuma mbele bila yeye kujua. Mbio za ardhini zinakua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo akiilazimisha ndege iguse na mwendo huo wote, 175 zinakuwa kama 230. Hilo lingevumilika. Ila asipoilazimisha, kabla ya kugusa ndege itaelea, kwa sababu haitaki kukaa chini mpaka noti zile 9 ziishe. Kama inapoteza noti moja na nusu kwa sekunde, itaelea sekunde 6 zaidi, na kwa mwendo huo ni zaidi ya mita 180 za lami zinazopita chini ya magurudumu bila kuguswa. Jumlisha na zile za kitabu: ndege inasimama karibu na mita 590, zikiwa zimebaki kama mita 60 tu kufika barabara ya changarawe. Na hapo tumedhani kwamba breki zimefanya kazi kama za ndege mpya.

Kuna na jambo la macho ambalo wakufunzi hulitaja darasani, kisha likasahaulika. Njia nyembamba humdanganya rubani. Aliyezoea njia ya upana wa mita 30 au 45 akiiona hii ya mita 18, ubongo wake unamwambia yuko juu kuliko alivyo, na anashuka kusahihisha kosa ambalo halipo. Kwenye kiwanja cha kawaida udanganyifu huo unamletea kutua kubaya. Hapa unamshusha kuelekea barabara yenye malori, tena bila taa za kuonyesha mteremko, maana viwanja vingi vya aina hii havina. Kinga yake ni kupima kwa namba: kwenye kimo fulani uwe umbali fulani, na uhakikishe kwa kipimo cha kimo, wala usiyaamini macho peke yake.

Sasa tumrudie dereva wa lori, kwa sababu ni rahisi kumlaumu na lawama haimsaidii mtu. Ndege iko mita 60 juu na mita 530 kutoka barabara yake. Mabawa yake yana upana wa mita 11, na kwa umbali huo ni kitu chenye upana wa mara mbili ya mwezi mpevu angani, ila chembamba kama uzi, na rangi yake ni nyeupe kwenye anga jeupe. Dereva anaelekea magharibi. Ikiwa ni jioni, jua liko machoni mwake. Ndege iko kushoto kwake, pengine nyuma ya nguzo ya kioo. Na hapa kuna jambo la kutisha kidogo: vitu viwili vinavyoelekea kukutana mahali pamoja, kila kimoja kikishika mwendo wake, havisogei kwenye kioo cha mwenzake. Ndege itakaa palepale kwenye dirisha la lori, ikikua polepole. Jicho letu huvutwa na kinachosogea. Kisichosogea tunakipita.

Na hata akisimama kwenye kibao, macho ya dereva yamefundishwa kutafuta magari, na magari huja usawa wa barabara. Anaangalia kushoto, kulia, hakuna gari, anaondoka. Hakuna aliyemfundisha kuangalia juu. Taa ya kutulia ikiwashwa mapema inasaidia zaidi ya redio. Kila rubani anayeingia kiwanja cha namna hii aiwashe hata mchana wa jua kali.

Basi twende kwenye zile sekunde. Kwa noti 61 za hewani na upepo wa mbele wa noti 6, ndege inasogea juu ya ardhi mita 28 kwa sekunde. Itafika juu ya barabara ya kwanza baada ya sekunde 19. Lori kwa kilomita 50 kwa saa litaenda mita 260 kwa muda huo, na hapo ndipo lilipo: mita 260 kutoka kwenye makutano. Watafika pamoja.

Kwa hesabu ya juu, wakipishana hakuna atakayemgusa mwenzake. Ndege itapita mita 17 juu ya paa. Kuna marubani wazoefu watakaosema aendelee tu, mteremko ni mzuri na barabara ya kwanza iko nyuma ya kizingiti. Nawaelewa, na kihesabu wako sawa. Lakini mimi nasema azunguke, yaani aghairi kutua, apande tena na kurudi kujaribu upya. Hesabu ile inachukulia kwamba hewa imetulia, kwamba lori litaendelea na safari yake, na kwamba dereva akishtuka atafanya jambo linalotabirika. Dereva anayeona ndege ghafla kioo kizima anaweza kukanyaga breki akasimama hapohapo, na hilo halina shida. Anaweza pia kukata kona akaingia kwenye njia ya ndege akidhani anakwepa. Na hata kama hana mpango wowote mbaya, pengine anaelekea hasa kwenye njia, kuchukua mzigo au kumfuata mtu kwenye maegesho ya ndege. Kutoka mita 60 juu rubani hawezi kuyajua hayo.

Gharama ya kuzunguka ni dakika chache na lita chache za mafuta.

Sababu ya kuchagua mita 60 kuwa mahali pa kuamua iko kwenye sekunde tatu za mwanzo wa kuzunguka. Rubani anasukuma nguvu zote, injini inaitika, flapu zinapandishwa hadi nyuzi 20, pua inainuliwa, mwendo unashikwa kwenye noti 60. Kabla ndege haijaanza kupanda, itaendelea kushuka kidogo. Ilikuwa inashuka mita 2 kwa sekunde. Ikichukua sekunde tatu kugeuza, imepoteza mita 6. Ukiamua ukiwa mita 60, sita hazina uzito. Ukisubiri mpaka ukiwa mita 10 juu ya barabara, huku ukijiambia "huenda atasimama", hizo sita ndizo zinazokupeleka kwenye paa lake. Na flapu zisipandishwe zote kwa mkupuo mmoja kwa haraka ya kutaka kupanda, kwa sababu ndege itazama. Nyuzi 20 kwanza, kisha 10, na zilizobaki vikwazo vikishapitwa.

Kwa hiyo kabla ya kufika mita 60 rubani awe amejiwekea masharti yake na asiyajadili tena hewani. Mwendo uko kati ya noti 61 na 65. Ndege iko kwenye mstari wa katikati. Barabara zote mbili hazina gari linalotembea kuelekea njia. Abiria anaweza kupewa kazi ya kuangalia barabara ya pili na kusema kwa sauti "tupu" au "gari". Ni kazi inayomfaa mtu yeyote mwenye macho, na inampunguzia rubani mzigo.

Katika kisa hiki, basi, anazunguka. Lori linapita bila kusimama. Akiwa anapanda anapata zawadi ambayo hakuipanga: anaiona barabara ya pili kwa karibu, na pale inapokutana na lami ya njia kuna madoa ya kahawia pande zote mbili. Ni changarawe iliyoburutwa na matairi ya magari ya mashambani.

Hapo panahitaji kutazamwa vizuri, maana mara nyingi watu huhesabu magari na kuusahau uso wa makutano. Barabara huchongwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, na mgongo huo ukikata njia ya ndege unakuwa tuta. Gurudumu la pua la ndege ndogo halikuumbwa kupanda tuta kwa noti 40. Kokoto zinafyonzwa na propela na kuchonga ncha zake, na alama ndogo kwenye ukingo wa propela ndiyo mwanzo wa ufa. Baada ya mvua, pembeni mwa tuta maji hukaa kwenye mabonde yaliyochimbwa na matairi ya malori. Rubani aliyegusa lami salama aendelee kuvuta usukani kwake ili uzito usikae kwenye gurudumu la pua, na ahakikishe amesimama au amefikia mwendo wa mtu anayetembea kabla ya kufika hapo. Kama imebidi kuvuka, avuke kwa mwendo huo, injini ikiwa chini, baada ya kuangalia kulia na kushoto kama mwenye gari. Ndege iliyo ardhini haina haki yoyote ambayo lori litaitambua.

Mzunguko wa pili ni mfupi kuusimulia. Barabara ya kwanza ni tupu. Kwenye ya pili kuna gari dogo lililosimama kwenye kibao, abiria ameliona na kulitaja, rubani anaendelea akiwa na noti 62. Anapita kizingiti kwenye mita 15, anagusa kabla ya mita ya 250, anasimama karibu na mita 410. Gari dogo bado limesimama. Dereva wake anaweza kuwa anashangaa, anaweza kuwa ni mstaarabu. Vyovyote vile mpango haukumtegemea. Kama ndege isingekuwa imegusa lami kufikia mita ya 300 kutoka kizingiti, rubani alishaamua tangu mezani kwamba angesukuma nguvu zote na kuondoka, na kutoka hapo angekuwa na mita 350 za kupandia kabla ya barabara ya pili. Alama ya mita 300 iwe kitu kinachoonekana: fuko la upepo, kibanda, mti. Asitegemee kukadiria.

Sehemu kubwa ya haya yote ingeweza kujulikana kwa simu moja. Kitabu cha viwanja kitataja kwamba barabara zinakata njia, na notamu, yaani matangazo rasmi kwa marubani, zitataja matengenezo. Lakini mwenye kiwanja ndiye anayejua kwamba malori hupita kwa wingi msimu wa mavuno, kwamba basi la shule hukatiza saa fulani, kwamba kibao cha upande wa mashariki kiliangushwa na hakijarudishwa. Mwulize hayo. Mwulize kama tuta limesawazishwa. Baada ya kutua, mwambie kuhusu lori: saa ngapi, kutoka upande gani, kwamba halikusimama. Taarifa ya aina hiyo ikijirudia kutoka kwa marubani kadhaa ndiyo inayompa mwenye kiwanja hoja ya kudai geti, au matuta kwenye barabara kabla ya makutano, au taa inayowashwa kwa redio ya ndege. Geti rahisi kabisa linafanya kazi ambayo vibao kumi haviwezi.

Limebaki swali la siku ambayo mambo si kama ya leo. Upepo ukigeuka ukatoka kusini kwa noti 6, kitabu kinaongeza asilimia 10 kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma. Mita 407 zinakuwa 529, na ukizidisha kwa 1.43 ni 757. Mita 650 hazitoshi. Atue kwa kuelekea kusini, na barabara zinabadilishana zamu: ya changarawe inakuwa ya kupita juu, ya malori inakuwa ya kusimama kabla yake. Hesabu yote ianze upya, kwa sababu kizingiti cha upande huo kina umbali wake.

Mvua nayo ina jibu lake. Kwa lami yenye maji, Waingereza haohao wanaongeza asilimia 15 kabla ya kuzidisha kwa 1.43. Mita 407 zinakuwa 468, kisha 669. Zimepita 650 kwa mita 19. Upepo wa mbele ungeweza kuzirudisha ndani, kama utaendelea kuvuma mpaka ndege isimame, na hakuna anayeweza kumwahidi rubani hilo. Siku hiyo ashuke kwenye kiwanja kingine chenye njia ndefu zaidi, na safari iliyobaki aimalize kwa gari.